Usinunue koleo la gundi kabla hujajua kufumua

Hapana, mdogo wangu. Salamu zitafuata; kwanza hiyo pesa irudi mfukoni. Umeandika kwamba una shilingi milioni tatu na nusu, kwamba umepata fremu Ilazo, na kwamba mwalimu wako wa kozi fupi amekushauri uanze na nywele za punje za gundi, yaani nywele za kuongezea zinazogandishwa kwenye nywele za mteja fungu kwa fungu, kwa sababu Dodoma bado hakuna ushindani. Maneno hayo niliambiwa na mimi, karibu neno kwa neno, na yaliniondolea saluni yangu ya kwanza pale Area C.

Nilijifunza kwa siku tatu Dar es Salaam. Siku ya kwanza tulifundishwa kugawa nywele za kichwa katika mafungu membamba, ya pili tukafundishwa kuyeyusha punje ya gundi kwa koleo la moto na kuiviringisha kwenye fungu kwa vidole viwili, na siku ya tatu tukapigwa picha. Kufumua hakukutajwa. Nilipouliza, mwalimu alicheka akasema kwamba mteja akipendeza hatataka kufumua, nami, kwa akili yangu niliyokuwa nikiisifia, nikacheka pamoja naye. Kisha yeye mwenyewe akaniuzia koleo, mafungu ya nywele za binadamu na pakiti za punje kwa shilingi milioni moja na laki nane. Cheti alinipa bure. Ninacho hadi leo, kinaziba ufa ukutani.

Mteja wangu wa nne alikuwa mama mmoja anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, mwenye nywele za dawa zilizofika mabegani. Alikuja Aprili, Bunge la Bajeti lilipoanza na mji ulipojaa wageni. Nikamwekea punje 140 kwa saa tano, akalipa laki mbili na nusu bila kuomba apunguziwe. Wiki iliyofuata wenzake wanne wa ofisini walipiga simu kuulizia nafasi. Nilijiona nimeshafika.

Alirudi mwishoni mwa Juni, akitaka nimfumue kabla hajasafiri kwenda Kondoa kwenye harusi ya mdogo wake. Ngoja nikueleze nilichokikuta, maana hapa ndipo kozi yako itakaponyamaza. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Zile zilizofungwa ndani ya punje haziwezi kudondoka. Hubaki zimening'inia humohumo, hujisokota na zilizo hai, na kwa nywele zetu zinazojikunja, shina huwa limekwisha kufungamana kama dredi kabla mteja hajahisi chochote. Wakati huohuo nywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo punje niliyoiweka karibu na ngozi ilikuwa imeshuka, na ilikuwa ikivuta hasa pale nywele mpya zisizo na dawa zinapokutana na zile za zamani zenye dawa, mahali ambapo unywele hukatika kwa urahisi kuliko kwingine kote. Ongeza vumbi la kiangazi chetu, ongeza maji yetu ya chumvi yanayoacha utando mweupe ndani ya birika, ongeza na mafuta ambayo mama wa watu alikuwa akijipaka kila asubuhi kama alivyofundishwa na bibi yake. Kila punje ilikuwa imezungukwa na gamba la kijivu, gumu kama ukoko wa ugali uliolala kwenye sufuria.

Nilimpigia mwalimu. Mara ya kwanza aliniambia kwamba dawa ya kutolea punje huuzwa peke yake na imekwisha. Mara ya pili aliniambia nitumie asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Mara ya tatu simu haikupokelewa, na haijapokelewa hadi leo, ingawa naona bado anatangaza kozi zake kwa picha za wanafunzi wanaocheka siku ya tatu. Asetoni ilimwasha mteja hadi machozi yakamtoka. Mafuta ya nazi hayakufanya lolote. Nikaanza kubana punje kwa koleo na kuvuta, moja baada ya nyingine, tangu saa nne asubuhi hadi magharibi, naye ameuma ncha ya khanga kwa meno. Kwenye panja la kushoto fungu zima lilitoka mkononi mwangu, na mwishoni mwa kila unywele kulikuwa na kichwa kidogo cheupe kama yai la chawa. Hakupiga kelele. Aliomba kioo tu. Harusini alikwenda na kilemba.

Nilimrudishia pesa yake yote, nikalipia daktari wa ngozi, nikamhudumia bure kwa miezi minne. Wale wenzake wanne hawakuja, na hata waliokuwa wakija kwa ajili ya stimu tu walianza kupungua, huku kodi ya miezi sita niliyokwisha kulipa ikiendelea kujila yenyewe. Koleo nililiuza shilingi elfu hamsini kwa binti mmoja wa Singida. Kabla sijapokea pesa nilimsimulia yote haya. Alidhani namwonea wivu.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja tu, na wanaofanya kazi kwangu wameshalichoka: usimwekee mteja kitu ambacho hujawahi kukifumua kwa mikono yako mwenyewe, kwenye nywele za aina yake, kikiwa kimekaa muda wote kinaopaswa kukaa. Kazi ya darasani, iliyowekwa jana na kutolewa leo, haihesabiki. Kwa kipimo hicho njia nyingi zitajichuja zenyewe. Nywele za utepe, zile zinazobandikwa kwa utepe wenye gundi, hutaka kichwa kisicho na mafuta, na mwanamke wa Dodoma asiyepaka mafuta mwezi wa Agosti mimi sijakutana naye. Ile gundi nyeusi ya chupa ya kubandikia wivingi usiiguse, kwa kuwa nyingi zina utomvu wa mpira, ambao huwadhuru wenye mzio. Inayobaki ni wivingi ya kushonea juu ya mistari, ambayo kuifumua ni kukata uzi. Hata hiyo isikae zaidi ya wiki sita hadi nane, na mistari isikazwe hadi nyusi zipande, kwa sababu nywele za mbele zilizovutwa muda mrefu huweza zisirudi tena.

Najua uliuliza pia kuhusu leseni, na kama Ilazo ni afadhali kuliko Nkuhungu. Hasira imenifikisha hapa bila kuyagusa. Kesho mpigie mwalimu wako, umwambie unataka kumwona akifumua kichwa kilichokaa miezi mitatu, mbele yako, kabla hujatuma hata shilingi, na akuonyeshe chupa ya dawa anayotumia pamoja na bei yake. Akikujibu kwamba hilo ni somo la awamu ya pili, ujue kwamba hata kwenye cheti changu, hapo juu ya ufa, pameandikwa awamu ya kwanza.