Nywele na ngozi ya mtoto wa kuchanganya, ninavyomfanyia wangu

Wadada wenzangu mliozaa na wazungu, hasa sisi tunaokaa huku Ujerumani, naulizwa sana nampaka nini binti yangu, basi naandika hapa. Kwanza usiangalie nywele zako wala za baba yake, angalia za mtoto mwenyewe, na hizo nazo zinabadilika. Wangu alizaliwa na nywele laini zimelala kabisa, zikapukutika kisogoni pale anapolalia (kawaida, zinaota tena), sasa ana miaka miwili, mbele zimejiviringa na nyuma karibu na shingo ni kipilipili.

Shampuu mara moja kwa wiki inatosha. Kazi iko kwenye kuchana, na usichane zikiwa kavu jamani! Mi namkalisha kwenye beseni, nazilowesha, napaka kondishna hadi ziteleze, nagawa mafungu manne, nashika fungu karibu na ngozi ili asivutwe, halafu naanzia nchani kwa vidole, ndo nachukua chanuo la meno mapana napanda taratibu kuelekea kwenye shina. Ukianzia shinani mafundo yote yanajazana chini na mtoto ataanza kulia akiona tu chanuo. Mabutu bana kwa kulegeza, na rasta na twende kilioni za kuvuta subirini kwanza, nywele za pembeni ya uso zikivutwa kila siku zinaweza zisirudi tena.

Ngozi yake baridi ikianza inakauka sana, hita nazo zinazidisha. Namuogesha dakika chache maji ya uvuguvugu, nikimfuta kidogo tu bado ana unyevu nampaka Vaseline isiyo na manukato. Pumu ya ngozi kwenye picha nyingi wanaonyesha wekundu, kwa ngozi ya kahawia inaweza kuwa kijivu au zambarau, kwa hiyo mpapase, mkono utakwambia palipokwaruza.

Hili la mwisho msilipuuze. Watoto wetu wengi wanazaliwa na mabaka ya bluu makalioni na mgongoni, yanafanana kabisa na alama za kupigwa ila hayana madhara na mengi yanafifia akikua. Mwombe daktari ayaandike kwenye lile daftari la njano la kliniki kabla mtoto hajaanza dei kea, maana mlezi asiyeyajua anaweza kudhani mtoto anapigwa nyumbani.

Na bibi zetu wanisamehe, wanja machoni hapana, mwingine una madini ya risasi. Rangi nayo itaongezeka miezi ya mwanzo, ndo mana wazee wanatazama masikio kujua rangi atakayokuwa nayo, kwa hiyo asije mtu kukuuzia mafuta ya kumng'arisha mtoto, mengine yana zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), hata kama ni zawadi ya shangazi usimpake.