Msimu mzima bila bia, mlinzi wangu akiwa Yanga

Kabla ya hii niliyofaulu, nilishaacha bia mara tatu. Mara mbili, moja kwa sababu ya tumbo na nyingine kwa sababu mama watoto alinuna, sikufikisha mwezi. Ya Kwaresima nilimaliza siku zote 40, ila Jumapili ya Pasaka nilizifidia zote kwa mkupuo, kwa hiyo siihesabu. Ya nne ndiyo iliyodumu, tangu Simba Day, tamasha la timu yangu la kufungua msimu, tarehe 6 Agosti 2023 hadi mechi ya mwisho ya ligi tarehe 28 Mei 2024. Msidhani nilikuwa nimekua akili. Ilidumu kwa sababu shemeji yangu ni Yanga, watani wetu wa jadi.

Pale bar tunapokaa kuangalia mpira kuna mama anatuchomea mishikaki. Siku moja hakuwepo, na mwanawe aliyeshika jiko alituambia mama amempeleka mjukuu Muhimbili, MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo. Mtoto amezaliwa na mgongo wazi, na kichwa kimeanza kukua kupita kiasi. Baadaye mama mwenyewe alinieleza. Maji yanayozunguka ubongo yakikosa njia hujikusanya na kukivimbisha kichwa, na daktari huweka mrija mwembamba chini ya ngozi wa kuyashusha tumboni. Mrija ule unahitaji kuangaliwa mara kwa mara, unaweza kuziba. Wodini alikuta kina mama waliotoka mikoa ya mbali kabisa, wengine hawana ndugu hata mmoja hapa Dar.

Usiku ule nilikunywa bia sita huku nikimsikitikia. Nilipolipa bili nikasikia aibu, hivi hivi tu. Nikasema mezani, kwa sauti, kwamba msimu mzima kila siku Simba ikicheza nitatoa pesa ya bia kwa ajili ya wodi ile, na sinywi.

Mezani walicheka. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, Mwananchi, yaani Yanga, wa kulia machozi, ndiye peke yake aliyeitikia. Akasema, "Shem, wewe huwezi. Timu yenyewe hiyo unaiangaliaje ukiwa macho makavu? Basi natoa elfu 10 kwa kila bao Yanga watakalowafunga, ila siku ukionja tu, mkataba umekufa, na mimi ndiye nitakayewatangazia watu."

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo. Tukitaka kuacha kitu huwa tunamwomba mke, rafiki au mchungaji atuangalie. Hao wanatupenda, na anayekupenda atakusamehe. Ukiteleza atakwambia "pole, jaribu tena kesho". Mtani hana pole. Shemeji alinipigia simu saa 4 usiku wa mechi akitaka nipumulie kwenye simu, kana kwamba harufu inapita kwenye mtandao. Watu wa Yanga ambao sikuwahi hata kusalimiana nao mtaani walikuwa wakinichungulia kwenye glasi. Nilijua siku nikinywa sitakuwa mimi niliyeshindwa, itakuwa Simba nzima, Mnyama mwenyewe. Wangesema Kolo, jina wanalotutania, kashindwa na chupa! Ukishabiki Simba, hilo huwezi kulipa nafasi hata ungekuwa na kiu ya jangwani.

Sasa mambo ya hesabu, maana hapa wengi hukosea. Usitaje kiwango kutoka kichwani. Mimi kichwani nilikuwa nakunywa bia tatu. Kwa wiki mbili kabla ya kuanza niliandika kila kitu kwenye daftari dogo, na daftari halikunionea haya: bia sita za 2,000, yaani 12,000, halafu nyama, halafu raundi ya meza nikishachangamka, halafu bodaboda ya kurudi kwa sababu miguu haikubali tena kutembea. Bia ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Nikajiwekea 15,000 kwa kila mechi ya Simba nitakayoiangalia, na bado nilikuwa nabakiwa na chenji.

Pesa itoke usiku uleule. Ikilala kwenye simu yako itaamka imekuwa vocha na kilo ya sukari. Mweka hazina wangu alikuwa mama watoto, na kila nilichotuma alikuwa anakitangaza kwenye kundi la WhatsApp asubuhi. Nilimteua kwa sababu katika ndoa yetu sijawahi kumkopa akasahau.

Na kuhusu wanaoahidi kukuunga mkono, sisi ni taifa la michango, kadi za harusi zimetufundisha tofauti ya ahadi na taslimu. Wenzangu tisa waliahidi 5,000 kila mwezi kwa miezi 10, yaani 450,000. Iliyoingia ni 310,000. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naona haya kukumbusha, nikidhani watu watatoa wakiguswa, na sehemu kubwa ya deni ilitokana na miezi hiyo miwili. Anza kudai wiki ya kwanza, mbele ya watu, huku unacheka.

Jaribu la kwanza lilikuja haraka, tarehe 13 Agosti, Ngao ya Jamii kule Mkwakwani, Tanga. Sare ya bila kufungana, penalti, na kijana Ally Salim akadaka tatu. Meza ilijaa chupa za ofa. Niliponea kwenye jambo moja dogo. Nilikuwa nimemwambia mhudumu tangu nimeingia kwamba mimi leo soda ya tangawizi, kwenye glasi ya bia, na isikauke. Mkono mtupu bar ni mwaliko, kila anayepita anataka kuujaza. Ukiwa na glasi mkononi nusu yao hawaulizi. Onyo lakini: soda tano kwa usiku ni sukari nyingi, kufikia Oktoba mkanda ulikuwa umesogea tundu moja upande mbaya. Nikahamia maji ya kunywa na kipande cha ndimu.

Halafu ikaja tarehe 5 Novemba.

Sitaki kuisimulia lakini bila hiyo makala haijakamilika. Jumapili jioni, uwanja wa Mkapa. Musonda akatufunga mapema, Kibu akasawazisha, tukaenda mapumziko 1-1 na mimi nikiwa na matumaini yote. Kipindi cha pili yakaingia manne. Nzengeli, Aziz Ki, Nzengeli tena, Pacome kwa penalti. Tano kwa moja. Sisi tuliokuwa tunawakumbusha watu zile 5-0 za mwaka 2012 kila wakifungua mdomo! Mtaa mzima ukawa unasalimiana kwa vidole vitano. Shemeji alikuja hadi mezani kwangu, akahesabu noti tano za elfu 10 moja moja, taratibu, kila noti akiitaja na jina la mfungaji. Kisha akaniagizia bia. Ya baridi, inatoa jasho, akaiweka mbele yangu na kukaa kimya.

Watu huniuliza niliwezaje siku hiyo. Kwa kweli ilikuwa siku rahisi kuliko zote. Hasira ilinijaa hadi kooni, pa kupitisha bia hapakuwepo. Nilinyanyuka, nikanunua mishikaki minne kwa yule mama (ukiacha bia usiache kununua kwa wanaotegemea meza yako, hawajakukosea), nikaenda zangu kulala saa 2 usiku. Mwanangu alidhani naumwa.

Siku mbaya ilikuwa tarehe 2 Machi 2024. Jwaneng Galaxy ya Botswana, walewale waliotutoa hapahapa Dar mwaka 2021 baada ya sisi kushinda 2-0 kwao. Tulikuwa tunahitaji ushindi tufuzu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, tukawapiga sita bila. Sita! Watu wanakumbatiana na wasiowajua, muziki umefunguliwa, mzee mmoja ambaye huwa hatoi hata kiberiti akatangaza raundi ya bar nzima. Nikajikuta na glasi midomoni. Sikumbuki niliipokea kwa nani. Nilishameza nusu ndipo nikaona mama wa mishikaki ananitazama.

Hakusema kitu. Akageuza mishikaki yake.

Kwa hiyo ukijipanga, usijipange kwa siku za kufungwa peke yake kama nilivyofanya. Siku za kufungwa unaondoka mapema mwenyewe. Ushindi ndio unaokubakiza kitini, na kila mmoja anataka kukununulia. Tafuta siku zenye mechi ambazo ukishinda utapagawa, uzitie alama kwenye ratiba, na siku hizo usikae bar kabisa.

Nilimpigia shemeji mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Nilitegemea anitangaze. Alikaa kimya kidogo, akasema mkataba ulikuwa ufe, lakini akiuua, mabao ya Yanga mechi ya marudiano yatafungwa bure. Akanipiga faini ya 50,000 na kulitangaza kosa kwenye kundi kwa herufi kubwa. Nililipa. Andikeni faini mapema, tangu siku ya kwanza, na iwe ya kuuma. Bila faini, tone moja linageuka ruhusa: nishaharibu, basi acha niendelee.

Kuanzia hapo mechi nzito nilihamishia kibanda umiza. Kiingilio 500, benchi la mbao, joto, vijana wamebanana, bia hakuna. Niliona mpira ambao sijauona miaka. Niligundua vipindi vya pili vya Simba nilikuwa naviona kupitia ukungu, halafu kesho yake nabishana kazini kama kocha. Mechi ya Al Ahly ya Machi 29, Ijumaa Kuu, tulipofungwa 1-0 nyumbani, niliiangalia nimekaa katikati ya watoto wa sekondari walionifafanulia nani alimwacha nani. Walikuwa sahihi.

Kuna jambo moja sitaki mtu alichukulie utani. Mimi nilikuwa mnywaji wa siku za mechi na wikiendi. Kama wewe unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka au jasho linakutoka mpaka upate ya kuzimulia, usiache ghafla kwa sababu ya mchango wowote. Mwili uliozoea pombe hivyo unaweza kukupa degedege ukikatiwa mara moja. Nenda hospitali kwanza, watakupunguza kwa mpango. Wagonjwa unaotaka kuwasaidia hawahitaji wewe uwe kwenye kitanda cha pili.

Mwisho wa msimu uliisha kama ulivyoisha. Aprili 20 Yanga walitufunga tena, 2-1, noti mbili zaidi mfukoni. Siku ya mwisho tulikuwa na pointi 69 sawasawa na Azam, wao wakachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao, sisi ya tatu. Mechi 41 nilizoangalia zilileta 615,000. Mabao saba ya Yanga 70,000, faini 50,000, wenzangu 310,000. Jumla 1,045,000.

Tulikaribia kuharibu dakika za mwisho. Wenzangu walitaka tununue maboksi ya vinywaji na biskuti, tuvae jezi, tupige picha wodini. Mama wa mishikaki ndiye aliyetuzuia, akatuelekeza kwanza tukaonane na afisa ustawi wa jamii tumuulize kinachohitajika. Jibu lilikuwa pampasi, nauli za kina mama walioruhusiwa kurudi makwao, na familia kadhaa zenye gharama za matibabu zisizolipika. Tukapewa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, tukalipa moja kwa moja, risiti ikaenda kwenye kundi. Picha tulipiga ya risiti. Biskuti hakuna aliyeziulizia.

Bia ya kwanza niliinywa Juni, harusini. Sikuacha kabisa, sijifanyi mlokole, ila sita sijarudia kufika.

Msimu uliofuata, 2024/25, ilikuwa zamu ya shemeji kuacha. Nami nikaahidi kwa mbwembwe, 20,000 kwa kila bao Simba watakaloifunga Yanga. Agosti tukafungwa 1-0. Oktoba tukafungwa 1-0, na tulijifunga wenyewe. Juni tukafungwa 2-0. Msimu mzima sikutoa hata senti, na mama watoto alikuwa anaandika kwenye kundi kila mara, "Shemeji wa Simba: 0". Shemeji alinionea huruma, akanishauri safari nyingine niahidi kwa kila kona.