Maswali Yenu: Senti Moja ya Oklahoma City

Safu iliyopita nilieleza jinsi jiji letu la Oklahoma City linavyojenga vituo vya vijana na vya wazee kwa senti moja ya kodi ya mauzo katika kila dola. Maswali yamemiminika. Nayajibu haya machache.

Mimi mgeni hapa mjini. Hiyo senti nakatwa wapi?

Dukani, ndugu yangu. Ukinunua sufuria ya dola 10, keshia atakudai dola 10 na senti 86, maana kodi ya mauzo ni asilimia 8.625. Jimbo linachukua 4.5, jiji 4.125. Ndani ya fungu la jiji, asilimia moja ni ya mpango wa miradi ya jiji unaoitwa MAPS, yaani senti 10 za sufuria yako. Usihangaike kuzitafuta kwenye risiti. Kodi yote imejumlishwa mstari mmoja.

Kwa nini jiji lisikope, vituo vikajengwa haraka?

Kwa sababu deni lina riba. MAPS hukusanya kwanza, kisha hujenga. Ndivyo ilivyokuwa tangu kura ya 1993, iliyoleta uwanja wa besiboli na mfereji kwenye maghala ya zamani ya mtaa wa Bricktown. Mwaka 2009 wapiga kura walipitisha MAPS 3, dola milioni 777, na humo mkawemo vituo vya afya na mazoezi vya watu wa miaka 50 na zaidi. Desemba 2019 ikaja MAPS 4: karibu asilimia 72 walisema ndiyo. Kodi yake ni ya miaka minane kuanzia Aprili 2020, na katika makadirio ya awali ya dola milioni 978, vituo vya vijana vilitengewa milioni 110, vya wazee milioni 30.

Gharama yake ni subira. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ya kura ile, leo anaota ndevu.

Nini kinawazuia madiwani kutumia hela kwa jambo jingine?

Hapa wengi hushtuka. Katika MAPS 3 na MAPS 4, sheria ya kodi iliyopigiwa kura haikutaja miradi mmoja mmoja. Orodha iliwekwa kwenye azimio la baraza la jiji, linaloeleza nia yake. Sababu ni kanuni ya Oklahoma inayokataza kufunga mambo mengi katika kura moja. Ipo bodi ya wananchi inayofuatilia na kushauri, lakini neno la mwisho ni la baraza. Kwa hiyo kinachowabana zaidi ni kwamba watarudi kuomba kura nyingine.

Nina green card tu. Nina sauti gani?

Kura huna, hiyo ni ya raia. Ila vikao vya baraza viko wazi. Nenda ukaseme.

Je, si maskini ndiye anayeumia?

Ndiye, dada. Anayepata dola 500 kwa wiki hutumia sehemu kubwa ya hela zake dukani. Tajiri huweka akiba, na akiba haikatwi kodi hii. Agosti 2024 jimbo liliondoa asilimia zake 4.5 kwenye vyakula, lakini za jiji zilibaki. Mfuko wa unga wa dola 6 bado unakatwa senti 25. Watetezi husema wageni kutoka miji jirani ya Edmond na Norman nao huchangia wakija kununua hapa, na ni kweli. Ningepiga kura ya ndiyo, ila ningetaka unga uachwe.

Na msomaji wa Mombasa anayeuliza kama kaunti yake inaweza kuiga: si kwa uamuzi wake peke yake. VAT ni ya serikali kuu. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya inaziachia kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge. Senti yenu itabidi ipite Nairobi kwanza.