HiAce na ukaguzi wa kila mwaka: lala chini yake na nyundo kabla hujatoa hata shilingi

Usitoe hiyo arbuni. Kama umeshaitoa, ifuate leo kabla ya magharibi.

Nimesoma ulivyoandika. HiAce ya dizeli, umbo lile lililoanza 2004, si Shark, lile umbo la kabla yake. Ilikuwa ikipeleka samaki Mombasa, sasa inauzwa hapa Malindi. Mwenyewe na dalali wake wanasema majuzi imepita ukaguzi bila hata kuulizwa swali, na kwenye picha uliyopiga chini kila kitu ni cheusi ti, kama sufuria ya arusini. Ukauliza mambo manne: aina hii hupita ukaguzi kila mwaka bila usumbufu? Inakula mafuta kiasi gani? Uiingize sacco ipi ya matatu? Na viti je? Mimi ile picha imenitosha. Hayo mengine nitayafikia nikikumbuka.

Hiyo rangi ni lami. Kutu haiogopi lami. Aliyepaka alikuwa anakuficha wewe usiione. Dalali kakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na gari nayo kaipaka kwa mgongo huo huo. Nayasema haya kwa sababu lami kama hiyo niliwahi kuilipia mimi, na pesa niliyoizika pale chini ingetosha kumwoza mtu na kulisha mtaa. Kisa chenyewe siwapi, mtanicheka. Nawapa kilichomo ndani yake.

HiAce kama HiAce si gari la kurudishwa na wakaguzi. Injini ya 2KD, ile ya lita 2.5, ukiibadilishia oili na filta kwa wakati haikuletei aibu siku ya ukaguzi. Giaboksi pia. Kinachoirudisha ni kilicho chini ya sakafu, na huku kwetu pwani kilicho chini ya sakafu kinaliwa na chumvi. Kwa hiyo usiulize "HiAce hupita?" Uliza imeishi wapi na imebeba nini. Iliyobeba abiria bara miaka kumi na iliyobeba samaki miaka mitatu ni magari mawili tofauti, hata kama logbuku zinafanana.

Samaki hubebwa kwenye makreti yenye barafu. Barafu ikiyeyuka, yale maji huchanganyika na chumvi na damu, yakapenya kwenye matundu ya bolti za viti vilivyong'olewa, yakaingia kwenye maungio ya sakafu na kukaa humo. Hayatoki. Na HiAce haina chasi ya kujitegemea kama pikapu, ile unayoweza kuinua bodi ukaiweka kando. Reli za chini zimechomelewa moja kwa moja kwenye sakafu, ndizo mgongo wa gari. Reli ikiliwa, huna "kutu kidogo ya bodi" kama anavyosema dalali, una gari lililovunjika mgongo likangoja tu shimo kubwa njia ya Garsen.

Ukipaka lami juu ya kutu unyevu unabaki ndani, kutu inaendelea kula gizani, na safari hii huioni. Halafu mkaguzi si mtoto. Akiona chini kumepakwa upya wiki ya ukaguzi anajua kuna kitu, anagonga mara mbili ya vile angegonga gari chafu. Nyundo ikizama, umerudishwa. Isipozama, bado anaweza kukurudisha, maana lami imefunika paipu za breki, maungio na bolti, na asichokiona hawezi kukutilia sahihi.

Wale mafundi wa chini ya mwarobaini wanaosema "bosi, tukipuliza nyeusi inapita hiyo" hawaendi nawe kwenye ukaguzi. Wao siku hiyo wako hapo hapo wanapuliza gari la mwingine. Kama umeweka nafasi Mombasa, hizo ni kama kilomita 120 kwenda na nyingine kurudi, mafuta yako, siku yako ya kazi, na lami yao.

Basi fanya hivi kabla ya kuzungumza bei. Mwambie muuzaji gari ioshwe chini kwa maji ya presha. Maji matupu, si dizeli, si mafuta ya taa, maana hayo huacha utando unaong'aa na kufanya chuma kibovu kionekane kizima. Akikataa, nenda zako. Akikubali, iache ikauke. Pandisha magurudumu kwenye vitako imara, usiamini jeki peke yake hata dakika moja. Chukua nyundo ndogo, bisibisi bapa kuukuu, tochi na sumaku. Gonga reli kuanzia mbele kwenda nyuma, kila upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia, sauti inarudi. Chuma kilichooza kinasema "pu" kama papai. Penye "pu" sukuma bisibisi kwa mkono, usiipige. Ikiingia, umepata jibu.

Usigonge tu pale panapofikika kwa urahisi. Pa kwanza ni mwanzo na mwisho wa springi za nyuma, pale vishikio vya springi vinaposhika kwenye reli, kwa sababu mzigo wote unaning'inia hapo na matope ya chumvi hujikusanya hapo. Kisha reli ya chini ya mlango wa kuteleza. Kisha ngazi za milango ya mbele, ambazo ni kama sanduku na maji yakiingia hayana pa kutokea. Kisha ndani ya mapaja ya magurudumu ya nyuma. Sumaku ni ya kutafutia filla: isiposhika, pale hakuna bati, pana unga uliopigwa msasa. Na ukigonga ukasikia sauti iliyokufa kote, wala si "pu" wala si mlio, hiyo ni faiba imebandikwa juu ya tundu. Nimeiona mpaka kwenye kishikio cha springi. Mtu kashikilia springi kwa kitu cha kutengenezea mtumbwi!

Ukikuta imeshachomelewa, usikimbie bila kuangalia. Kuchomelea kuzuri kunajulikana. Chuma kilichooza kimekatwa mpaka kikapatikana cheupe kinachong'aa, bati jipya ni nene kama lile la reli, si la sakafu, na mshono umezunguka wote bila kuruka. Kubaya ni kiraka kilichobandikwa juu ya kutu kwa madoa manne matano. Hakishiki, kwa sababu moto hauungi chuma na kutu, na kati ya bati mbili maji hukaa kama kwenye mtungi. Ukitengenezesha mwenyewe, ondoa waya wa hasi wa betri na uchomoe altaneta kabla fundi hajawasha mashine, na usogeze mbali paipu za breki na za dizeli. Akimaliza, praima ya zinki juu ya mshono, basi. Acha ionekane. Mkaguzi akiuona mshono safi anapita. Rangi na nta ya kuzuia kutu ni BAADA ya ukaguzi. Nyundo ni KABLA. Na asije mtu kukwambia upake oili chafu chini: inakula raba za springi na za shoku, na mkaguzi ataiona kama gari linavuja.

Sasa lami haikuishia kwenye kutu. Wanapopuliza hawazibi kwanza vitu visivyotakiwa kupakwa. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye HiAce nyingi zisizo na ABS, kuna valvu ya breki yenye mkono mrefu ulioshikana na ekseli. Kwenye boksi la spea utaona imeandikwa LSPV. Gari likiwa na mzigo, bodi inashuka, ule mkono unasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate presha zaidi. Likiwa tupu inazipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likazunguka. Lami ikigandia kwenye kiungo cha ule mkono, juu ya chumvi iliyokuwa hapo tangu siku za samaki, mkono hausogei. Unabaki kwenye "gari tupu" milele. Ukipanda kwenye rola za kupimia breki, mbele zinashika vizuri, nyuma dhaifu, umerudishwa.

Hapo ndipo pesa inapoliwa, maana fundi asiyejua anaanza na vya kuuza: shuu mpya, halafu drami zikwanguliwe, halafu silinda za magurudumu, halafu "bosi, hii itakuwa masta silinda." Kila mara unarudi kwenye rola, kila mara matokeo ni yale yale. Jaribio la bure lilikuwa hapo tangu mwanzo. Breki ya mkono ya HiAce inavuta shuu zile zile za nyuma kwa waya, haipiti kwenye mafuta ya breki. Kama breki ya mkono inashika sawasawa lakini ya mguu ni dhaifu nyuma, shuu na drami ni nzima, tatizo liko kwenye presha. Na kama kushoto na kulia zimedhoofika sawa, itazame valvu kwanza. Upande mmoja tu ukiwa dhaifu, hapo ndipo utazame silinda ya gurudumu, adjasta iliyoganda, au shuu zilizolowa oili ya ekseli.

Ile ya samaki nina shaka imeongezwa chuma kwenye springi za nyuma, wengi hufanya hivyo ili isikae chini. Hesabu vyuma kulia na kushoto. Ukiinua nyuma ya gari bila kurekebisha ule mkono, valvu inadhani gari tupu hata ukipakia tani. Kurekebisha ni kazi ya nusu saa. Dawa ya mtaani ni kuufunga mkono juu kwa waya ili nyuma ipate presha muda wote. Rola utapita, kisha siku ya mvua ukiwa huna mzigo pale daraja la Sabaki utakutana na mto ukiwa umegeuka nyuma mbele. Mkaguzi mwenye macho akiuona waya anakurudisha, na ana haki.

Paipu za breki: zikague kwenye vishikizo, si katikati. Kutu huanza pale paipu inapobanwa na uchafu. Zikibadilishwa, mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili, wa kukunja mara moja hupasuka. Mafuta ya breki DOT 3, na kwa unyevu wa huku kwetu usiyaache zaidi ya miaka miwili, yanafyonza maji na silinda zinaoza kutokea ndani.

Mengine ni madogo, mtu akirudishwa kwa hayo kajitakia. Taa za mbele zilizopauka kwa jua, zisugue. Mikanda ya viti vyote ifunge na ifunguke. Mstari wa njano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 chenye cheti ambacho hakijapitwa na tarehe; hayo yapo tangu zile sheria za matatu za waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa 2004, hakuna wa kujifanya hajayasikia. Tairodi na boli jointi, vile viungo vya usukani na magurudumu, uzishike kwa mkono: tikisa gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, lisicheze. Gari lililokuwa likipeleka watalii Tsavo kupitia lango la Sala, yale matuta ya barabara ya changarawe yameshayamaliza hayo, na paa la kufunguka linavuja, kwa hiyo usiikimbie ya samaki ukarukia ya watalii bila nyundo.

Na hicho cheti anachokuonyesha kinasema hali ya gari siku ile. Linganisha namba ya chasi iliyoandikwa humo na ile iliyopigwa kwenye chuma, herufi kwa herufi.

Uliuliza mafuta. Na sacco, sijui viti. Waulize wengine humu, mimi nishachoka vidole.

Ukienda jioni, piga picha ya ule mkono juu ya ekseli, upande wa karibu, na uiweke hapa. Kama kuna waya umefungwa, usiulize bei ya mwisho ni ngapi.