Hidrojeni ya kale imejificha kwenye mstari wa FM

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano PCM, Morogoro. Nimesikia kuna madishi huko Afrika Kusini yanatafuta hidrojeni ya zamani sana, ya wakati nyota za kwanza ndo zinaanza kuwaka. Sasa hidrojeni si gesi tu, inatoaje mawimbi ya redio? Na wanajuaje kama ni ya zamani na sio ya juzi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza palepale penyewe, maana watu wengi wanakimbilia madishi wakati mambo yote yanaanzia kwenye atomu moja tu. Hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja basi, zichukulie kama pia mbili za kuchezea zinazozunguka, zikizunguka upande mmoja atomu inakuwa na nishati iliyozidi kidogo ile ya zikizunguka kinyume, kwa hiyo elektroni ikijigeuza ile nishati iliyozidi inatoka kama wimbi la redio la urefu wa sentimita 21, yaani megahezi 1420. Atomu moja ukiiacha peke yake itakaa kama miaka milioni 10 ndo ijigeuze mara moja, ila huko angani ziko nyingi mno kwa hiyo sauti inapatikana.

Mholanzi Hendrik van de Hulst ndo aliyepiga hesabu hiyo mwaka 1944, na 1951 Ewen na Purcell wa chuo cha Harvard wakalinasa wimbi lenyewe, kwa antena ya mfano wa faneli kubwa la mbao lenye shaba ndani waliyoitoa nje ya dirisha la maabara. Mvua ikinyesha maji yalikuwa yanafuata faneli mpaka ndani!

Sasa kuhusu uzamani. Ulimwengu unatanuka, na wimbi likiwa safarini linavutika nao. Lile lililotoka kama miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), ulimwengu ulipoanza, limeshavutika mara 14 hivi, zile sentimita 21 zimekuwa mita 3, na ile 1420 imeshuka mpaka karibu na 100. Chukua redio ya nyumbani, tembeza mshale kati ya 88 na 108, ni hapohapo unaposikiliza taarabu na mpira. Kwa hiyo masafa yenyewe ndo tarehe, ukilikuta wimbi la hidrojeni kwenye masafa ya chini zaidi ujue limetoka zamani zaidi.

Na hapo ndo penye kazi kwelikweli, maana stesheni moja tu ya FM inalifunika kabisa, ndo maana wamekwenda Karoo, nyika kavu ambayo Afrika Kusini imeilinda kwa sheria ya mwaka 2007 isijazwe mawimbi ya watu. Hayo madishi uliyoyasikia nadhani ni ya HERA, darubini ya redio, yako 350, kila moja upana wa mita 14, yametengenezwa kwa nguzo za mbao, mabomba ya plastiki na wavu wa waya, yamebanana kama sega la nyuki na hayageuki, yanatazama juu tu na kusubiri anga ipite. Ila hata ukiikimbia FM huwezi kuikimbia galaksi yetu yenyewe, kelele zake zinaizidi hiyo sauti maelfu kwa maelfu ya mara, inabidi uzitoe zote kwenye hesabu bila kutoa na unachokitafuta.

Ukikosea kidogo umepotea. Mwaka 2018 timu ya EDGES, antena yao saizi ya meza huko Australia Magharibi, walitangaza wameona alama ya hidrojeni hiyo ya kale, bonde kwenye grafu, yaani mahali mawimbi yanapopungua, kwenye megahezi 78, lenye kina zaidi ya mara mbili ya kilichotarajiwa, dunia nzima ikashtuka. Wahindi wa mradi wa SARAS 3 wakaenda kuhakikisha, antena yao wakaielesha juu ya maji ya ziwa huko Karnataka, kwa sababu udongo chini ya antena unachanganya vipimo na maji yametulia yanaeleweka vizuri zaidi, na 2022 wakasema sisi bonde hilo hatulioni. Mimi hao watu nawaheshimu sana, kubeba antena mpaka ziwani ili kupima neno la mwenzako ndo sayansi yenyewe.

HERA nao wimbi hawajalinasa bado, ila kwa kutolikuta tu wamejua kitu, kwamba gesi ile ilikuwa imeshapashwa joto kabla nyota hazijamaliza kuzivunja atomu zake. Australia sasa wanajenga darubini nyingine ya redio, SKA-Low, ya antena 131,072, zimekaa kama miti midogo ya Krismasi.

Ya kale hamtaiweza hapo shuleni, ila ya kwenye Njia ya Maziwa, galaksi yetu, mnaiweza kabisa. Tengenezeni faneli la boksi mlivike foili ndani, mnunue kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye USB na amplifaya yake, lielekezeni juu usiku Njia ya Maziwa inapopita, halafu tazameni grafu pale 1420, mtaona kakilima kanainuka. Mkikapata niandikieni, nataka kuiona hiyo grafu.