Wajukuu wahesabiwe, na walinzi pia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama ni sawa benki ya jamii, yaani benki ndogo ya wananchi wa eneo fulani, kulipia masomo ya chuo watoto na wajukuu wa wafanyakazi wake, kama vinavyofanya baadhi ya vyama vya benki za jamii huko Marekani. Nasema ni sawa, na wajukuu wasiachwe.

Nakaa Ngamiani, hapa Tanga, na nimekaa kaunta ya SACCOS, chama cha akiba na mikopo, mpaka nikastaafu. Akina mama wengi niliofanya nao kazi walikuwa wanalea wajukuu. Wazazi wa watoto wako Dar wanahangaika, au wameshatangulia mbele ya haki. Lakini fomu za ofisini zinamtambua mtoto wa kumzaa tu. Bibi analeta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, jina lake halimo, anarudishwa. Kumbe kingeambatanishwa na cheti cha mzazi wa mtoto, pamoja na barua ya serikali ya mtaa, undugu ungeonekana wazi.

Kuna watakaosema Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo. Ni kweli, na tangu 2005 imesomesha wengi. Ila ule ni mkopo: kijana akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Wanafunzi wa stashahada nao wamefunguliwa mlango mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani za kipaumbele tu. Wa ufundi stadi kwenye vyuo vya VETA, bibi ndiye anayejipinda kuwalipia. Ufadhili wa benki ungeanzia kwa hawa.

Linaloniuma hasa ni walinzi na wafagiaji. Wanafika kabla ya meneja, wanawajua wateja kwa majina, na mzee akishindwa ngazi mlinzi ndiye anayemshika mkono. Ila mkataba wao uko kwa kampuni ya nje, kwa hiyo fomu zikitolewa wanaambiwa si wafanyakazi wa pale. Hilo silikubali hata kidogo. Anayelinda fedha za benki usiku kucha mwanawe naye ahesabiwe.

Fedha yenyewe itoke kwenye faida, wanahisa wakisharidhia katika mkutano mkuu. Amana za watu zisiguswe. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano zilizopungukiwa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru, kwa hiyo hofu hii ina msingi. Mwaka wa hasara wasichukue wanafunzi wapya, lakini aliyekwisha kuanza asikatiwe njiani. Ada yake ya miaka yote itengwe siku ile ile anapochaguliwa.