Shashi inachanika nikitengeneza papel picado

SWALI: Natengeneza papel picado, karatasi zenye michoro ya matundu ambazo Wameksiko huzitundika kwenye madhabahu ya marehemu wao tarehe 1 na 2 Novemba. Kila nikikata, shashi inachanika. Nakosea wapi?

JIBU: Bila shaka unakata karatasi mojamoja. Shashi moja hulegea mbele ya mkasi, ikakunjamana na kuchanika. Panga karatasi nne, zikunje pamoja mara mbili, zibane kwa klipu. Usizidishe mikunjo: ikinenepa, karatasi za ndani husogea na mchoro hupinda. (Mafundi wa Huixcolotla, jimboni Puebla, hutoboa rundo nene, lakini kwa patasi na nyundo.)

Kati ya tundu na tundu bakiza nusu sentimita. Chini ya hapo, ukikunjua tu inakatika. Anza na matundu madogo ya katikati, pindo la chini liwe la mwisho, ili uwe na pa kushikia. Juu acha sentimita 3 nzima, zikunje juu ya uzi na ubandike kwa gundi ya kijiti. Gundi ya maji hulowesha shashi, rangi ikachuja. Mikunjo iondoe kwa pasi ya moto mdogo, bila mvuke.